Nilimuita kwa Jina la Marehemu

Kwa wewe unayeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi. Wengine munivumilie.

Naitwa Athanasie. Kwetu ni Bugoyi, ng'ambo ya mupaka, Rwanda. Nilivuka kuja Masisi mwaka wa njaa kubwa kwa sababu moja tu: niliolewa na mutu aliyekuwa na ruhusa ya kukaa huku. Aliitwa Sebarenzi, wa kilima cha Burungu. Wazungu walikuwa wanagawa mashamba, lakini mwanaume asiye na bibi hakupewa. Yeye alitafuta bibi, baba yangu alitafuta kupunguza midomo nyumbani. Hakuna aliyeniuliza mimi natafuta nini.

Shamba akalipata. Tukavuna mara mbili, akaenda Walikale kwenye machimbo, akaniacha na mama yake, Mama Vestine. Alirudi mara chache, kama mugeni anayepita kuomba moto. Mutoto hatukupata. Kisha akaacha kabisa kurudi.

Juma lililopita nilikueleza jinsi mwanamuke mumoja wa Walikale, Léontine, alivyopanda kilima chetu peke yake na kutuambia kwamba Sebarenzi amekufa.

Niliishia hapo. Sasa sikiliza.

Léontine alikuwa Munyanga, kabila la kule Walikale, mudogo kwangu kwa umri. Alisimulia bila kulia, kama mutu aliyemaliza machozi yake njiani. Alisema Sebarenzi alikuwa akikaa kwake tangu kiangazi cha mwaka uliopita, kama bwana na bibi. Homa ilimushika mvua ilipoanza, na haikumuachilia. Walimuzika hapo kijijini kwao.

Nilikuwa na haki ya kumukasirikia. Nilitafuta ile hasira moyoni, sikuiona. Nilimupa maji ya kunawa miguu, nikamuwekea viazi na maharagi.

"Dada," akaniambia, "sikuja kukunyang'anya kitu. Mutu akikufa, watu wake wanapashwa kujua. Njo ile tu, hakuna lingine."

Mama Vestine hakupiga kelele. Hakujitupa chini, hakushika kichwa. Alisimama, akafunga mulango wa rugo, boma letu, akamuambia Léontine apumzike, na asubuhi ashuke kwa njia ya nyuma, asisalimie mutu yeyote wa kilima.

Kisha akanigeukia.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Sebarenzi, Mama."

"Nakuuliza tena, mukazana, bibi ya mutoto yangu. Nani amekufa?"

Hapo nikaelewa.

Alinieleza taratibu, kama mutu anayemufundisha mutoto kumenya viazi. Kulikuwa na agronomu mupya, muzungu wa mashamba, na karani mupya. Mvua ikiisha watapita kilima kwa kilima kuangalia kama kila mwenye shamba yupo, na bibi yake yupo. Shamba lisilo na mwenyewe litapewa wengine, na wengine walikuwa wengi, wamejaa kule chini wakingoja. Mwanamuke mujane hapewi shamba. Muzee kama yeye ndiyo kabisa.

Nilimuambia kwamba mimi basi nitarudi kwetu. Nakiri, maneno hayo yalinitoka na utamu fulani. Léontine alipotaja kifo, kitu cha kwanza nilichokiona akilini haikuwa sura ya bwana yangu, ilikuwa njia ya kwenda nyumbani.

"Kwenu kwa nani?" Mama Vestine akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Baba yangu alikufa na njaa ile ile, mwaka haujaisha tangu aniozeshe. Mama yangu alimufuata. Shamba letu lilichukuliwa na baba mudogo, na alikwisha tuma watu kuniambia kwamba mutoto aliyeolewa ni wa huko alikoolewa.

Kwa hiyo ndivyo nilivyokuwa. Jina la mwanaume ndilo lililonivusha mupaka, na jina lile ndilo lililonikalisha kwenye kilima hiki. Mwenye jina alikuwa ndani ya udongo wa Walikale. Sikuweza kukaa kama mujane, sikuweza kurudi kama binti ya mutu.

Sikunyoa nywele. Sikukaa matanga. Siku ya Mungu tulienda kwenye misa, na katekista alipoomba kwa ajili ya wale walio mbali kazini, Mama Vestine aliitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilifikiri atawaambia wazungu kwamba Sebarenzi bado yuko machimboni. Sikujua kwamba alikwisha tuma neno Rwanda kwa wachuuzi wa mbuzi.

Siku moja nilitoka mutoni na mutungi kichwani, nikakuta mwanaume amekaa kwenye kiti cha Sebarenzi. Alisimama haraka, kama mutu aliyekamatwa anaiba.

"Huyu ni Nzabonimpa," Mama Vestine akasema. "Mutoto yangu wa mwisho. Tangu leo ni Sebarenzi. Ni bwana yako."

Nzabonimpa alikuwa sawa na mimi kwa miaka. Hakufanana na kaka yake. Sebarenzi alikuwa mufupi, mwenye kifua. Huyu alikuwa murefu, mabega yameinama kidogo kama anaogopa kugonga paa. Alivuka mupaka na wachuuzi bila ruhusa yoyote. Kama wangemukamata, wangemurudisha na fimbo juu. Mama yake alikuwa amemuambia aje kumuona kwa sababu ni mugonjwa. Alipofika ndipo akaambiwa kwamba kaka yake amekufa, kwamba asilie, na kwamba sasa ana jina lingine.

Kule nyumbani alikuwa na muchumba. Hayo aliniambia baadaye sana, tukipalilia maharagi, na hakuyarudia.

Majirani walijua. Utawaficha nini watu munaoteka nao maji? Lakini wote walitoka kule tulikotoka, na kila rugo lilikuwa na jambo lake ambalo halikutakiwa kufika kwa karani. Mumoja alikuwa amemuandikisha dada yake kuwa bibi. Mwingine alikuwa na watoto wa jirani kama wake. Walimuona Nzabonimpa, wakamusalimia kwa jina la marehemu, wakaendelea na mashamba yao.

Mama Vestine alitufundisha. Alikuwa akimuita Nzabonimpa kutoka mbali, naye amemupa mugongo: "Sebarenzi!" Mara za kwanza Nzabonimpa hakugeuka. Aliendelea kulima, na mama yake akamukaripia kama mutoto wa shule. Kisha akawa anageuka haraka mno, hata kabla jina halijaisha, na hilo nalo lilikuwa kosa.

Mimi nilifundishwa kumupa chakula bila kumuita shemeji. Nilikosea mara nyingi. Ulimi unazoea polepole.

Alilala jikoni karibu na mbuzi. Siku moja Mama Vestine alimuambia kwamba hiyo si namna ya mutu mwenye bibi. Alijibu kwa heshima, lakini alijibu.

"Mama, nilichukua jina la kaka yangu kwa sababu uliniomba. Kitanda chake sikuchukua. Athanasie hana kosa, na Mungu anaona."

Sikuwa nimesikia mutu akitaja jina langu ndani ya rugo lile. Mama Vestine aliniita mukazana. Sebarenzi aliniita "wewe". Nilitoka nje nikajidai natafuta kuni.

Mwezi ukapita, na mwingine. Alirudishia majani kwenye paa lililokuwa linavuja tangu niolewe. Alikaa nasi kula, hakusimama mulangoni kama kaka yake. Akinikuta nimeinama kwenye shamba, alianza mustari wa pili bila kusema kitu, mupaka tunakutana katikati. Baridi ya Burungu unaijua, ukungu unakaa mupaka jua linapanda sana. Asubuhi nilikuwa simuoni, nasikia jembe lake tu.

Nilikuwa nimefungwa, naye alikuwa amefungwa, na aliyetufunga alikuwa anatupikia uji. Lakini nitasema ukweli wangu kwa sababu nilikuahidi ukweli: katika miezi ile nililala usingizi.

Kisha wakaja.

Watu wa kilima waliitwa kwenye uwanja wa kapela, kila rugo lisimame pamoja, bwana, bibi, watoto. Agronomu alikuwa amekaa kwenye meza chini ya turubai. Karani wake, Isidore, alikuwa kijana aliyevaa viatu vyeusi, na nyuma yao kulikuwa na mapolisi wawili. Sikushangaa kuwaona. Wazungu hawakutembea bila polisi.

Rugo moja baada ya lingine. Yule aliyemuandikisha dada yake alipita. Mwenye watoto wa jirani alipita. Mama Vestine alikuwa ananishika mukono, na kiganja chake kilikuwa kikavu kabisa.

"Sebarenzi wa Burungu."

Nzabonimpa akajibu, si haraka wala si polepole. Akasogea mbele. Mimi nikamufuata.

Isidore alimutazama, kisha akanitazama mimi.

"Mama, huyu iko bwana yako?"

Nilikuwa nimejifunza jibu kama katekisimu. Nilijua nitalisema na macho chini, haraka, niondoke. Lakini nilipofungua mudomo nilimuangalia Nzabonimpa, na aliniangalia, na maneno yakatoka polepole.

"Ndiyo, karani. Huyu njo bwana yangu. Sina mwingine."

Nilijisikia sikusema uongo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nivuke mupaka.

Isidore alimunong'oneza muzungu kwa Kifaransa. Muzungu akaacha kuandika. Akauliza kitu, Isidore akajibu, na wote wawili wakamutazama Nzabonimpa kwa namna nyingine. Polisi mumoja akasogea.

"Sebarenzi," karani akasema, "tulikutafuta sana. Ulitoroka kazi kule machimbo. Kontra yako ya kazi haikuisha. Wewe unajua sheria ya mutu anayekimbia kontra."

Nzabonimpa alikuwa anajaribu kuelewa neno kontra.

Mimi nilielewa. Léontine alituambia Sebarenzi alikaa kwake tangu kiangazi, na mimi na Mama Vestine hatukujiuliza mutu wa machimbo anakaa vipi kijijini musimu muzima. Alikuwa amekimbia. Kule machimboni hawakujua kwamba amekufa. Kwao alikuwa mutoro tu, na mimi nimewaonyesha mutoro kwa kidole.

Polisi akatoa kamba. Isidore alieleza, bila haraka, kwamba atapelekwa Walikale, atakaa buloko, nyumba ya wafungwa, kisha atamaliza kazi yote aliyoiacha.

Ndipo Mama Vestine aliponiachia mukono.

"Huyu si Sebarenzi," akasema.

Aliinua sauti ili uwanja wote usikie. Alisema Sebarenzi alikufa, yeye kama mama anajua, na huyu ni mudogo yake Nzabonimpa, aliyekuja juzi kusalimia, asiye na kosa lolote. Karani akamuuliza: kama ni hivyo, kwa nini bibi yake amesema ni yeye?

"Muulizeni mwenyewe," Mama Vestine akajibu. "Njo yeye alimuleta. Alitaka kubaki na shamba. Mimi ni muzee, mutu muzee anafanya nini? Alinifunga mudomo ndani ya nyumba yangu."

Hakuniangalia aliposema hayo. Alikuwa amepoteza mutoto mumoja, hakutaka kupoteza wa pili. Namuelewa leo. Siku ile sikuelewa kitu.

Isidore alimutafsiria muzungu. Kisha akanisogelea na kuniambia kwamba kudanganya mbele ya Bula Matari, serikali ya wazungu, si muchezo. Kama muzee anasema kweli, mimi ndiye nitakayefungwa, shamba litachukuliwa leo, na huyu kijana atarudishwa Rwanda. Kama muzee anasema uongo, basi mutoro aende Walikale. Nichague neno langu vizuri.

Kuchagua nini? Nikisema mama mukwe anasema kweli, ninajifunga mwenyewe, ninamutoa muzee nje na mufuko wake wa nguo. Nikisema anasema uongo, ninamupeleka Nzabonimpa kwenye mashimo kwa kosa la mutu mwingine. Watu wa kilima waliangalia chini. Nao walikuwa na majina ya uongo katika kitabu kile kile.

Nilifungua mudomo nijibu.

Nzabonimpa ndiye aliyesema.

"Karani, umusamehe mama yangu. Tangu niende Walikale akili yake haikutulia. Anaona watu wamekufa." Akanyoosha mikono kwa polisi. "Mimi njo Sebarenzi. Huyu ni bibi yangu, amesema kweli. Kontra nilikimbia mimi. Mukamate mimi."

Mama Vestine alikaa chini pale pale, kwenye majani, akalia kama watu wanavyolia kaburini. Wanawake wawili wakamushika. Isidore aliona kilio kile kama ushahidi wa kichaa, akatikisa kichwa kwa huruma.

Nilidhani imekwisha. Watamupeleka, mimi nitabaki na shamba ambalo uongo wangu umeliokoa, na mwanamuke aliyetaka kunifungisha. Nilikuwa nahesabu tayari namna ya kuishi naye.

Lakini muzungu alikuwa bado anasema. Alisema mengi, mukono mumoja ukinielekea mimi. Isidore akatafsiri kwa sauti ya mutu anayeleta zawadi.

"Agronomu anasema, wanaume wanakimbia kazi kwa sababu bibi zao wanabaki mbali. Sasa kule kwenye kambi kuna nyumba za watu wenye bibi. Wewe pia utaenda. Muzee atachunga shamba. Kamyo ya kuwabeba iko Mweso, kesho asubuhi."

Tulishuka kwenda Mweso siku ile ile, mapolisi wawili, Nzabonimpa amefungwa mikono, na mimi nyuma nimebeba mukeka na sufuria. Mama Vestine hakutuaga. Alikuwa amelala kwenye nyumba ya jirani, uso ukutani.

Tulipofika kwenye mutelemuko, mapolisi walitangulia kidogo wakivuta tumbako. Nzabonimpa alisema nami kwa Kinyarwanda, bila kugeuza kichwa. Aliuliza machimbo yanafananaje. Nilimujibu kwamba sikufika huko.

"Na kule watu walimujua?"

"Miaka minne alikula nao," nikasema.

Akasema tusife moyo. Pengine wale wa zamani wameondoka. Pengine katika giza la shimo sura haionekani. Mimi nilikuwa bibi yake, nimufundishe.

"Alicheka namna gani?" akaniuliza. "Akikasirika alifanya nini? Alipenda kuimba?"

Nilitafuta. Haki ya Mungu, nilitafuta katika miaka yote ile. Nilikumbuka koti lake, nilikumbuka namna alivyofunga kamba za viatu. Kicheko chake sikukikumbuka. Sikujua kama aliimba.

"Sijui," nikamuambia.

Hakuniuliza tena.

Asubuhi kamyo ilikuwa imesimama Mweso karibu na duka, imejaa magunia. Dereva hakuwa peke yake. Mutu mumoja alishuka, munene, kofia ya kitambaa kichwani, na polisi wakamusalimia kwa heshima. Aliitwa Émile. Alikuwa kapita, musimamizi wa kundi la Sebarenzi kwenye machimbo. Watu wa machimbo walimutuma kuzunguka na kamyo ya watoro, polisi akatueleza, kwa sababu mara nyingi watoro wanatoa jina la uongo, na huyu alikuwa akilala nyumba moja na Sebarenzi kabla hajatoroka. Yeye hawezi kukosea.

Niliweka sufuria chini.

Émile alikuja mupaka mbele ya Nzabonimpa. Alimuangalia usoni, akamuangalia mabega, akashuka mupaka miguuni. Hakuwa na haraka. Nzabonimpa alisimama wima, macho kwake, kama mutu anayengoja fimbo ya kwanza.

"Eh?" polisi akauliza. "Njo yeye?"

Kapita akanigeukia mimi, sio Nzabonimpa, akanitazama kutoka kitambaa cha kichwa mupaka vidole vya miguu, namna watu wanavyotazama mbuzi sokoni kabla ya kutaja bei.

"Njo yeye," akasema, macho bado kwangu. "Sebarenzi mwenyewe."

Akaichukua kamba mukononi mwa polisi, akaizungusha kwenye kiganja chake, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kukaa: mbele, karibu naye.